Gurudumu Lenye Nilijenga Mimi Mwenyewe

Simameni siku moja asubuhi mapema kando ya barabara yenye kuingia Likasi, Kolwezi ao Lubumbashi, na muangalie kinga zenye kutoka porini na makala. Mwenye kinga hapandi. Anaisukuma, mukono mumoja kwenye usukani, mwingine nyuma kwenye muzigo. Gunia moja iko juu ya ingine, zimefungwa na kamba za mupira wa zamani, na mara ingine munaona tu miguu ya mutu inatembea chini ya makala. Watu wengi wanamuhurumia mutu huyo, na ni haki. Lakini wachache wanainama kuangalia fasi gurudumu la nyuma linagusa udongo. Pale kuna nyuzi za chuma 40, zile tunaita reyo, na kila moja ina unene wa karibu milimita 2. Ni hizo zinabeba magunia yote.

Mimi nilijifunza kuinama na kuangalia kwa sababu feza ya nyumba yetu ilikuwa inapotelea pale. Ninaandika kwa ajili ya vijana, wavulana na wabinti, na kwa wazazi wenye kinga ndani ya nyumba, niwaeleze namna gurudumu linajengwa na kwa nini lilikuwa jambo kubwa kwetu.

KINGA NJO ILIKUWA KAMPUNI YETU

Mwaka 2003 papa yetu alikuwa kati ya wafanyakazi wengi wenye kuacha kazi katika mupango wenye uliitwa departi volontere. Feza yenye alipewa ililipa madeni, ikanunua mabati ya nusu ya nyumba, na kwa kile chenye kilibakia alinunua kinga ya 28 ya India, nyeusi, yenye porbagaji nzito nyuma. Tangu siku ile kinga njo ilikuwa kampuni yetu.

Papa alikuwa anaenda upande wa Kambove, karibu kilometa 25, anaingia porini, anapakia magunia ine, na kesho yake anarudi. Mama alikuwa anauzisha makala kwa mafungu mbele ya mulango. Bukari ya jioni, sabuni, dawa ya malaria, masomo ya yaya yangu na yangu mimi, yote ilitoka pale.

Mwanzo wa mwaka 2005 gurudumu la nyuma lilianza kuvunja reyo. Safari moja reyo mbili, safari ingine tatu. Siku moja, kwenye mulima wa mwisho kabla ya muji, janti ilijikunja kabisa kama sahani yenye mutu amekalia. Kinga ililala na papa chini yake, na gari kubwa la minerai likapita karibu sana na kichwa chake. Tulimushukuru Mungu: alitoka na jeraha ya mukono tu.

Kila mara fundi alitengeneza, na kila mara tulilipa. Mama alikuwa anaandika yote ndani ya kaye yake. Jioni moja alihesabu na kutuonyesha: kwa kila magunia tano, moja ilikuwa ya gurudumu.

Papa alinyamaza kwa muda. Kisha akaniambia: «Ikivunjika tena, kinga nitauzisha. We utaenda na bale benzako ku machimbo.»

Hakusema kwa hasira, na kwa sababu hakuwa na hasira nilijua kama atafanya. Nilikuwa na miaka 17. Binamu zangu wawili walikuwa tayari wanachimba. Sisemi kama kazi ile ni ya haya. Nyumba nyingi za kwetu zinakula juu yake. Lakini katika mutaa wetu tulikuwa tumezika kijana mumoja mwenye udongo ulimuangukia ndani ya shimo, na mama yake alikuwa angali anapita kwetu kila asubuhi kununua fungu la makala. Tena yaya yangu alikuwa ndani ya mwaka wa sita wa sekondari. Feza ya kushiriki kwenye mutihani wa Serikali ilikuwa haijalipwa bado, na tulikuwa mwezi wa 4.

MUZEE WA CHINI YA MUEMBE

Fundi wetu alikuwa muzee mwenye kufanya kazi chini ya muembe, kwenye kona ya avenyu yetu. Nilienda kwake, nikamusalimia kwa mikono miwili, na kumuomba: «Muzee, unifundishe kujenga gurudumu.»

Aliendelea kupaka grese, hakuinua kichwa. «Nikikufundisha, mi nitakula nini? Kupachika mupira, kila mutoto anajua. Kufunga sheni, kila mutoto anajua. Juu ya gurudumu njo banakuja kwangu.»

Nilirudia nyumbani bila jibu, kwa maana alikuwa na haki. Ujuzi wake njo ulikuwa shamba lake. Mutu hawezi kuingia ndani ya shamba la mutu mwingine na jembe, na kusema tu kama anataka kujifunza kulima.

Mama njo alipata njia. Alienda yeye mwenyewe kumuona, wakazungumuza kama wazazi, na wakapatana hivi: Muzee atapewa gunia moja ya makala; mimi nitamutolea maji kwenye bomba kila asubuhi mwezi muzima; na kama nikijua kazi, sitaweka meza yangu kwenye avenyu ile wakati yeye angali anafanya kazi pale. Papa aliona gunia moja ni nyingi. Mama akamujibu: «Gunia moja ya kujua, tunalipa mara moja. Gunia ya kutokujua, tunalipa kila juma.»

CHUMA YENYE KUVUTA

Siku ya kwanza Muzee hakunipa kazi. Alinipa reyo moja ya zamani. «Simamisha hii ku jiwe, sukuma na kidole.» Nikasukuma, reyo ikajipinda mara moja kama jani. «Sasa vuta.» Nikavuta na mikono yote miwili, mpaka vidole viliuma. Reyo haikufanya kitu.

«Umeona? Reyo hawezi kusimama. Anajua paka kuvuta. Gurudumu yote ni reyo zenye kuvutana.»

Watu wengi wanazania kama reyo zinasimama chini ya muzigo kama nguzo za nyumba. Katika gurudumu la mukokoteni, la miti, ni kweli: muti muzito unasimama chini na kubeba. Gurudumu la kinga linafanya kazi kwa namna ingine. Mwaka 1869 Eugène Meyer, fundi wa Paris, alipewa haki ya uvumbuzi wa gurudumu la nyuzi za chuma zenye kuvutwa. Mwaka 1874 James Starley wa Coventry, kule Uingereza, akapanga reyo zipishane, kama tunavyoziona mpaka leo, na gurudumu likapata nguvu ya kusukumwa na sheni bila kujipinda. Kisha, mwaka 1888, John Boyd Dunlop kule Belfast akaleta mupira wenye hewa ndani.

Jambo hilo la mwisho linatugusa sisi watu wa Kongo. Kinga zilipokuwa nyingi Ulaya na Marekani, mupira ukatafutwa kila fasi. Katika inchi yetu, chini ya Léopold II, watu walilazimishwa kuingia porini kutafuta mupira, kwa fimbo na kwa bunduki, mpaka mwaka 1908 wakati Ubelgiji ilimutosha inchi mikononi. Kwa hiyo mutu asituambie kama gurudumu la kinga ni akili ya watu wengine tu. Babu zetu walililipa.

Sasa tuone kwa nini reyo zetu zilikuwa zinavunjika. Wakati muzigo unakalia gurudumu, janti inabonyea kidogo sana pale chini, na reyo za pale zinalegea. Kama zilikazwa vizuri tangu mwanzo, zinalegea kidogo lakini zinabaki zinavuta. Kama zilikuwa zimelala, zinalegea kabisa, kisha gurudumu linazunguka na zinavutwa tena kwa gafula. Yaya yangu, mwenye kupenda hesabu, alipima gurudumu na uzi: muzunguko mumoja ni karibu metre 2 na sentimetre 20. Ni kusema mizunguko zaidi ya 450 kwa kilometa moja, na zaidi ya 11.000 kutoka Kambove mpaka nyumbani. Kila muzunguko, kila reyo inalegea na kuvutwa tena. Chukua waya na kuikunja huku na huku kwa mikono: haikatiki mara ya kwanza, lakini itakatika. Njo vile reyo inakufa, mara nyingi kwenye kiwiko chake, fasi inatokea ndani ya kitovu cha gurudumu.

Magunia ine hazikuwa nyingi kupita kiasi kwa kinga ile. Reyo zilikuwa zimelala, na kila mara zilipovunjika tulikuwa tunaweka mupya katikati ya zile za zamani zenye kuchoka, bila kukaza zote upya.

KUNUNUA KWA AKILI

Kitovu chetu kilikuwa kizima. Nilikifungua, nikakiosha na petroli, nikaangalia kama vidude vya mviringo vya ndani havijaliwa, nikaweka grese mupya. Janti na reyo, ilifaa kununua.

Sokoni kuna mutego. Janti za 28 zenye matundu 32 na zile zenye matundu 40 zinatundikwa pamoja, na kwa macho zinafanana. Kwenye kinga za namna ile, mbele kuna reyo 32 na nyuma 40, kwa sababu nyuma njo kunabeba. Hesabu matundu wewe mwenyewe, moja kwa moja, mbele ya muuzaji, hatakasirika. Reyo vilevile, beba moja ya zamani, nzima, kama kipimo. Ikizidi urefu, itatokea ndani ya janti na kutoboa mupira. Ikipunguka, haitashika.

Kisha kuna ile ekuru ndogo yenye kufunga reyo kwenye janti. Kuna zenye chuma ya kawaida, na kuna zenye rangi ya njano. Muzee alikuwa amenionya: «Chukua za njano, hata kama ni bei.» Ile ya njano ni shaba yenye kuchanganywa na zinki. Haioti kutu kama chuma, na haishikamani na reyo. Kisha miaka mitatu ungali unaweza kuizungusha. Sisi wa Katanga tunapaswa kuijua vizuri, maana mugodi wa Kipushi ulitosha shaba na zinki tangu 1924 mpaka 1993, na zinki ikaanza kutoka tena pale mwaka 2024. Mara nyingi tunaona udongo wetu unapita ndani ya magari makubwa na hatujui unaenda kufanya nini. Kitu kimoja chenye unafanya, kiko pale, kwenye kinga yako, kidogo kama punje ya muhindi.

KUMI, MARA INE

Reyo 40 kwenye meza zinatisha. Muzee alinifundisha kuzihesabu kumi, mara ine.

Kitovu kina masikio mawili, la kuume na la kushoto, na kila sikio lina matundu 20. Kumi ya kwanza zinaingia sikio la kuume, tundu moja unaweka, moja unaruka, na kichwa cha reyo kinabaki inje. Kwenye janti, reyo ya kwanza inaingia pembeni ya tundu la valvu. Kisha unaruka matundu matatu, unaweka ingine, na kuendelea hivyo mpaka kumi. Ekuru unaizungusha mara chache tu, ikamate. Angalia vizuri: matundu ya janti hayako kwa mustari mumoja. Moja linaegemea kuume, lenye kufuata kushoto. Lenye kuegemea kuume ni la sikio la kuume.

Kumi ya pili ni vilevile, kwa sikio la kushoto. Sasa shika kitovu na kukizungusha: reyo zote 20 zitalala upande mumoja, kama nyasi zenye upepo umepiga. Kumi ya tatu na kumi ya ine zinaingia kwa matundu yenye uliruka, lakini vichwa vinabaki ndani, na zinaenda upande ule mwingine. Kila moja itakutana na reyo ine za sikio lake. Inapita juu ya tatu za kwanza, kisha inapita chini ya ile ya ine. Pale zinashikana, na moja inasaidia ingine.

Muzee hakunikubalia kugusa janti mupya. Alinipa gurudumu la zamani, nilifungue na kulifunga tena nyumbani, usiku tatu. Umeme haukuwa. Nilikaa chini na yaya kwa taa moja ya petroli, yeye na kaye zake za mutihani, mimi na reyo zangu. Nilichora kila hatua ndani ya kaye yangu ya jeografia. Usiku wa tatu nilimaliza bila kuangalia muchoro, na yaya akanipa shauri: «Sasa funga macho, ufanye tena.» Nilifanya nusu.

SIKIO LA KUIMBA

Kupanga reyo ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni kukaza, na pale njo penye kutaka roho.

Hatukuwa na chombo cha pekee. Tuligeuza kinga, ikasimama juu ya kiti na usukani, tukatia gurudumu mahali pake, tukafunga musumari kwenye kadri, ncha yake karibu na janti. Ukizungusha gurudumu, musumari unakuonyesha kila kosa: fasi janti inagusa, na fasi inakimbia.

Kwanza kaza zote kwa kipimo kimoja: kila ekuru nusu muzunguko, ukianza kwenye valvu na kumalizia kwenye valvu. Usikaze fasi moja sana kisha kwenda fasi ingine. Na jueni jambo hili lenye kuchanganya wengi: ukiangalia ekuru kutoka upande wa mupira, kukaza ni kuzungusha kuume, kama kila visi. Lakini ukiangalia kutoka upande wa kitovu, kama unavyoangalia wakati kle ya reyo iko mukononi, ni kinyume.

Kisha, kama janti inaegemea kushoto fasi moja, kaza kidogo reyo za kuume za pale na kulegeza kidogo za kushoto. Robo muzunguko inatosha. Kama janti inapanda juu fasi moja, kaza za pande zote mbili za pale. Tena gurudumu la nyuma lina rulibri upande wa kuume, kwa hiyo sikio la kuume liko karibu na katikati kupita la kushoto, na reyo za kuume zinataka kukazwa zaidi ili janti isimame katikati. Namna ya kujua: tosha gurudumu, uligeuze kuume kuwa kushoto, ulirudishe. Kama musumari unaonyesha umbali uleule, janti iko katikati.

«Usikaze na hasira,» Muzee alisema. «Kaza na sikio.» Akapiga reyo moja na ukucha wake. Ikalia. Akapiga ingine, ikalia chini zaidi. Pale nilielewa mara moja, kwa maana nilikuwa tenori katika koro ya vijana, na mwalimu wetu alikuwa anatusimamisha kila juma kwa sababu ya sauti moja yenye kushuka. Reyo za kuume zilipaswa kuimba sauti moja. Za kushoto sauti yao ni ya chini kidogo, lakini zote pamoja. Nilizunguka gurudumu lote nikipiga na kusikiliza. Jicho linaweza kusema kama janti imenyooka, kumbe reyo moja inavuta kwa nguvu sana na jirani yake imelala. Sikio linajua.

Fasi moja ya janti ilinikatalia. Nilikaza, nilegeze, ikabaki imeinuka. Muzee alipapasa pale na kidole na kucheka. «Pale njo banaunganishaka janti ku fabrike. Usipigane na pale. Acha nusu milimetre, haitakuua.»

Mwisho alinionyesha kushika reyo mbilimbili zenye kuwa sambamba na kuzibana kwa nguvu mukononi, kuzunguka gurudumu lote. Zililia krik, krik. Ni reyo zinakaa vizuri mahali pao. Kisha unapima tena, kwa maana kila kitu kimesogea. Nilipima, nikasaga ncha zote zenye kutokea ndani ya janti, nikafunika na kipande cha mupira wa zamani. Kukaza tu kulichukua jioni mbili.

MAGUNIA TATU

Papa alikuja kuangalia. Aliinua kinga, akazungusha gurudumu, akabana reyo na vidole vyake, akanyamaza. Muzee alikuwa ametushauri: safari ya kwanza magunia mbili tu, kisha kukaza upya, maana gurudumu lipya linalegea wakati linakaa. Papa akasema magunia mbili hazilipe hata njaa ya njiani, na shule ilikuwa imetoa siku ya mwisho ya kulipa: siku ya kwanza ya juma lenye kufuata. Mama akasema ine ni nyingi. Nikaomba niende naye, na kle ya reyo ndani ya mufuko. Tukapatana magunia tatu.

Wakati wa kurudi, kilometa ya kwanza reyo zililia kidogo, kisha zikanyamaza. Nilikuwa nasukuma nyuma, na kila tulipopumuzika niliinama na kupiga reyo na ukucha, moja kwa moja. Papa alikuwa ananitazama. Mara mbili nilikaza zenye zilishuka sauti. Kwenye mulima wa mwisho, fasi kinga ilimuangukia, aliniambia nitoke nyuma na kupita kando, mbali. Sikutoka. Hakurudilia kusema. Tulipanda pamoja, magari yakipita, na mimi sikusikia magari. Nilikuwa nasikiliza chini.

Tulifika. Hakuna reyo yenye ilivunjika. Kesho yake nilikaza tena gurudumu lote, na safari yenye kufuata papa alibeba magunia ine. Feza ya mutihani ililipwa siku ya mwisho, karibu saa ya kufunga ofisi. Yaya alifanya mutihani wake na akapata diploma. Kinga haikuuzishwa, na papa hakunitajia tena machimbo. Gurudumu lile lilibeba makala miaka mitatu, mpaka freni zilikula janti yenyewe.

Mapatano na Muzee tuliyashika. Nilipoanza kupokea kazi za watu, niliweka meza yangu upande mwingine wa soko. Miaka kazaa nyuma macho yake yalipochoka, alinituma mutoto kuniita, nikapokea muembe na wateja wake, na kila mwisho wa juma nilimupelekea fungu lake. Wengi wenye walikuwa wananiletea magurudumu walikuwa vijana wa machimbo, wenye kubeba magunia ya minerai ku kinga. Nilijenga yao kwa uangalifu uleule. Siku hizi pikipiki zimekuwa nyingi katika miji yetu, na nyingi zina reyo pia, mara nyingi 36 kwa gurudumu. Mwenye kujua kinga hataona ajabu pale.

KWA VIJANA

Kama una hamu, usianze na gurudumu la nyuma lenye baba yako anangojea kesho. Tafuta gurudumu lenye limetupwa, la mbele, lenye reyo 32. Pale unahesabu 8, mara ine, na kila reyo inapishana na tatu. Lifungue ukiandika. Lifunge tena. Tia mafuta kidogo kwenye ekuru kabla ya kukaza. Usiazime kle yenye kuliwa, kwa maana itaharibu ekuru zote. Na kama kuna fundi katika mutaa wako, uende kwake na salamu, na kitu mukononi. Usiende kusimama nyuma yake na kuiba kwa macho.

Wazazi, kama mutoto wenu anafungua kitu cha chuma juu ya meza na kuchafua kaye ya jeografia, mumuulize kwanza anafanya nini.

Na wewe mwenye kusukuma makala leo, usiku huu kabla ya kulala, piga reyo zako na ukucha, moja kwa moja. Yenye kukosa kulia, ukaze hiyo kabla ya asubuhi.